Nani Mwana wa Nani? Kifo cha Baba, Siri ya Ukoo na Riwaya ya Upelelezi: Mfano wa Bukoba na Muleba

Maiti ya kwanza mashuhuri katika riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haikuokotwa katika uchochoro wa mji wala katika chumba cha hoteli. Iliokotwa mzimuni. Marehemu alikuwa Bwana Ali, mwenye mashamba, na riwaya yenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyojinyakulia zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, kisha ikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, si askari. Ni raia mwenye kiko na mwenye subira, na silaha yake kubwa ni kuuliza maswali ambayo jamaa wa marehemu wasingependa yaulizwe.

Wahakiki wengi wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, na ulinganisho huo una haki yake. Hata hivyo, umeficha jambo moja. Chanzo cha uovu katika riwaya za Abdulla ni nadra kuwa tamaa ya mtu baki. Aghalabu chanzo hicho kimo ndani ya nyumba: mtoto asiyejulikana baba yake, ndoa iliyofichwa, mali iliyopita mikononi mwa asiyestahili, jina lililobadilishwa. Kuanzia Kisima cha Giningi (1968), kupitia Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), hadi Kosa la Bwana Msa (1984), msomaji anayetaka kumjua mhalifu hulazimika kwanza kuchora nasaba. Swali la nani kaua haliwezi kujibiwa kabla halijajibiwa swali la nani mwana wa nani. Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, pamoja na mashamba yake, masuria wake na daraja zake za watu, ilikuwa ardhi yenye rutuba kwa swali hilo.

Mkondo huo haukuendelea Bara. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na kwa riwaya hiyo upelelezi wa Kiswahili ukahamia Dar es Salaam. Inspekta Wingo ni mtu wa dola, ana ofisi, na uhalifu anaoufuatilia ni wa mji unaokua. Baada yake walifuata wengi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alivuka mipaka kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Joram Kiango wa Ben Mtobwa alikuja kutia maringo na ucheshi katika kazi hiyo hiyo. Riwaya hizi zilisomwa kwa wingi, zikapewa jina la fasihi pendwa, na baadhi ya wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 wakazibeza kupita kiasi. Kubezwa huko kuna hasara zaidi ya ile inayotajwa kila mara. Mjadala uliishia katika suala la kama riwaya hizi zina maadili au hazina, na haukufika kwenye suala la mada iliyokuwa imeachwa njiani. Mada hiyo ni baba: baba aliyefarakana na wanawe, akafa kwa namna isiyoeleweka, akaacha ardhi.

Kama kuna mahali pa Bara ambapo mada hiyo ingeweza kustawi, basi ni katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Sababu zake ni za kihistoria, na nyingi kati yake zimeandikwa. Tena, jambo linalowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili, sehemu yake muhimu imeandikwa kwa Kiswahili.

Baba aliyefichwa katika masimulizi ya Maziwa Makuu

Nchi za magharibi mwa Ziwa Viktoria zilikuwa na masimulizi ya aina hii kabla haijawapo riwaya yoyote. Katika mapokeo ya Wachwezi, ambayo kitovu chake ni Bunyoro lakini ambayo mizimu yake iliheshimiwa pia Karagwe na Buhaya, yumo Bukuku, mlinzi wa lango aliyeketi katika kiti cha enzi baada ya mfalme Isaza kutoweka. Waaguzi walimwonya kwamba mtoto wa binti yake Nyinamwiru angekuja kumwangamiza. Bukuku akamtenga binti, lakini mgeni Isimbwa, mwana wa Isaza aliyezaliwa kuzimu, alimfikia kwa siri. Mtoto alizaliwa, akaamriwa atupwe majini, akaokolewa na mfinyanzi, akakua bila kujua yeye ni nani. Huyo ndiye Ndahura. Siku moja alimchoma Bukuku kwa mkuki, akaketi katika kiti ambacho, kumbe, kilikuwa cha babu yake mzaa baba.

Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuishika tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, Mfalme Edipode (1971), ataona ujamaa wa visa hivi viwili mara moja. Tofauti yao ni kubwa kuliko ujamaa wao. Edipode anachunguza mauaji ambayo ameyafanya mwenyewe. Kila ushahidi unamrudia, na akijua baba yake ni nani anaangamia. Kwa Ndahura mambo ni kinyume. Kifo cha Bukuku ndicho kinachomrejesha katika nasaba yake, na nasaba hiyo ndiyo inayoyapa mauaji uhalali. Yule aliyelelewa na mfinyanzi haadhibiwi, anatawazwa. Katika mapokeo haya kuua si mwisho wa uchunguzi, maana baraza linalosikiliza linataka kwanza lijue muuaji alikuwa mtoto wa nani.

Buhaya yenyewe ina hazina yake. Waimbaji wa nanga walitunza tendi ndefu za mashujaa, wafalme na wanawake wao, na utafiti wa M. M. Mulokozi juu ya tendi hizo, uliokamilika kuwa tasnifu ya uzamivu mwaka 1986, ulizithibitisha kuwa tendi kwa vigezo vyovyote vile. F. X. Lwamgira, kwa upande wake, alichapisha mwaka 1949 historia ya Kiziba kwa Luhaya. Inafaa kusema hapa, ijapokuwa ni kwa kupita tu, kwamba Mulokozi huyo huyo, mwenyeji wa Kagera, alipotunga riwaya zake za kihistoria kwa ajili ya vijana katika miaka ya 1990 aliziweka Uhehe. Labda ndivyo ilivyo kwa watu wengi: historia ya jirani ni rahisi kuisimulia kuliko ya nyumbani, hasa pale ambapo nyumbani bado pana kesi.

Kibanja si shamba

Neno linaloshika kila kitu katika mambo haya ni kibanja. Tafsiri ya kawaida ya Kiswahili ni shamba, na kwa mahitaji ya sokoni tafsiri hiyo yatosha. Kwa mahitaji ya riwaya haitoshi hata kidogo. Kibanja ni migomba inayoizunguka nyumba, na kahawa katikati ya migomba. Ni udongo uliorutubishwa kwa vizazi kwa samadi na majani, tofauti na rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo nje yake. Tena kibanja ni makaburi. Wafu wa ukoo huzikwa humo, hatua chache kutoka mahali wanapokula walio hai. Mtu akizikwa kibanjani, kaburi lake ni kauli: huyu alikuwa wa hapa. Akizikwa kwingine, hiyo pia ni kauli, na watoto wake wataisikia miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo mpelelezi ambaye angefika Kamachumu au Kanyigo kuchunguza kifo cha mzee aliyefarakana na wanawe asingeanzia kwenye silaha. Angeanzia kwenye mpangilio wa makaburi. Mzimu wa Abdulla ulikuwa mahali pa pembeni, pa kuogopwa, ambapo maiti ilionekana kama kitu kisichokuwa na mahali pake. Huku, mahali pa wazee wa kale ni bustani ya kila siku, na kinachoshtua ni kaburi linalokosekana.

Urithi wa kibanja ulikuwa na utaratibu. Mrithi mkuu, aliyeitwa musika, kwa kawaida mwana wa kwanza, alichukua fungu kubwa na nafasi ya baba. Wenzake waliotajwa kwa majina ya mainuka na kyagati walipata mafungu yao. Musika hakurithi ardhi peke yake. Alirithi sauti ya marehemu katika baraza la ukoo, madeni yake, na ulezi wa wadogo. Hapo ndipo penye chungu cha moto: cheo hiki kimoja kiligombewa na watoto wa wake mbalimbali, na baba, akiwa hai, aliweza kunyamaza. Wako wazee waliotumia ukimya huo kama fimbo. Mwana aliyekuwa hana hakika ya nafasi yake aliendelea kuwa mtiifu, au aliondoka kwenda Buganda kutafuta kazi, akarudi siku ya matanga akiwa na maswali.

Jambo hili lilitatizwa zaidi na sheria ya ubaba. Hans Cory na M. M. Hartnoll, katika kitabu chao cha mwaka 1945 juu ya sheria za mila za Wahaya, walieleza desturi iliyoitwa bisisi. Kwa desturi hiyo mwanamume wa kwanza kulala na mwanamke baada ya kuolewa, au baada ya kujifungua, aliweza kuhesabiwa kuwa baba wa mtoto atakayefuata, hata kama mimba yenyewe ilikuwa ya mwingine. Mtu anaweza kuisoma habari hii kama kioja cha kiethnografia, na wengi wameisoma hivyo. Isomwe badala yake kama msingi wa kisa. Inamaanisha kwamba ubaba wa kisheria ulitegemea tukio moja la faragha, ambalo shahidi wake mkuu alikuwa mama. Baba aliyemlea mtoto miaka 20 aliweza kuamka siku moja akadaiwa mtoto huyo na mtu mwingine. Mama aliyekaribia kufa aliweza kuvunja urithi wa nyumba nzima kwa kutaja jina. Na mama aliyenyamaza alikuwa mlinzi wa amani ya ukoo, au mshiriki wa udanganyifu, kutegemea aliyesimulia.

Bwana Msa angeshukuru kupata jamii ya namna hii. Katika riwaya nyingi za Ulaya baba wa siri hugunduliwa kwa alama ya mwilini au kwa barua iliyofichwa. Bisisi haina alama wala barua. Ina kumbukumbu ya mwanamke mmoja, na thamani ambayo wanaume wa baraza wako tayari kuipa kumbukumbu hiyo.

Sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili

Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ilitaka kuziunganisha sheria za mila za makabila ya upande wa baba ziwe taarifa moja. Cory, aliyeianza kazi hiyo, alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata zikatangazwa amri mbili ambazo kila mwanasheria wa Tanzania anazijua kwa namba: Tangazo la Serikali Na. 279 la 1963, juu ya hali ya watu, na Na. 436 la mwaka huo huo, juu ya ulezi, urithi na wosia. Wanasheria wamezijadili sana. Wanafasihi wamezipuuza, jambo la kusikitisha, maana ndani yake zimo baadhi ya kurasa zenye mvuto wa kisimulizi kuliko nyingi zilizotungwa na watunzi wa miaka hiyo.

Zichukuliwe kanuni za wosia. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi, ikiwa mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, unahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Ikiwa hajui, wanne. Mtunga sheria alielewa jambo ambalo kila mtunzi wa riwaya ya upelelezi analielewa: jamaa ana maslahi, na mgeni hana habari. Kila mmoja ni shahidi mbovu kwa namna yake, kwa hiyo wanafungwa pamoja.

Kinachovuta zaidi ni sababu zinazomruhusu baba kumnyima mwanawe urithi. Mtoto anaweza kunyimwa kama amezini na mke wa baba yake. Kama amejaribu kumwua baba, au kumshambulia au kumjeruhi vibaya yeye au mama. Kama amemtelekeza mzazi wakati wa njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Kila sababu kati ya hizi ni kisa kizima. Sheria ilikuwa imekwisha kumtazama baba aliyefarakana na wanawe, ikaziorodhesha njia zilizomfikisha huko, na mojawapo ya njia hizo ni jaribio la kumwua. Zaidi ya hayo, kanuni zinataka baba aseme wazi katika wosia kwamba anamnyima fulani na kwa nini, na zinampa mwana nafasi ya kujitetea mbele ya baba au mbele ya baraza la ukoo.

Lugha ya amri hizi inastahili uchunguzi wa kipekee. Ili sheria moja ienee kutoka Bukoba hadi Dodoma, maneno ya kila kabila yalipaswa kuondoka. Musika akawa mrithi wa daraja la kwanza. Kibanja kikawa ardhi ya ukoo. Kiswahili kilifanya hapa kazi iliyosifiwa sana katika miaka hiyo, yaani kuunganisha, na sifa hiyo si ya bure: mwanamke wa Muleba aliweza kuisoma sheria iliyomhusu bila mkalimani. Gharama yake ni kwamba maneno yaliyokuwa yamebeba makaburi na migomba yaliwekwa pembeni, na yaliyobaki yalikuwa na harufu ya ofisi. Mtunzi atakayeandika riwaya ya Kiswahili kuhusu mambo haya atalazimika kuamua ni lini mhusika wake atasema ardhi ya ukoo na ni lini atasema kibanja. Uamuzi huo pekee utamwonyesha msomaji nani anazungumza na hakimu na nani anazungumza na mama yake.

Juu ya watoto wa nje ya ndoa amri ya 1963 ilikuwa kali. Mtoto huyo alikuwa wa upande wa mama. Baba aliyetaka kumhalalisha bila kumwoa mama aliweza kufanya hivyo kwa kumlipa baba wa mwanamke shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Ukipita wakati huo mlango ulifungwa, na mtoto asiyehalalishwa hakuwa na fungu katika urithi wa baba aliyekufa bila wosia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ililitazama suala la uzazi kwa namna nyingine kabisa, kwa kuzingatia haki ya mtoto kumjua mzazi wake na kwa kuruhusu vipimo vya vinasaba. Kwa nusu karne iliyotangulia, hata hivyo, shilingi 100 zilizolipwa au zisizolipwa ziliamua nani ataitwa mwana. Risiti ya malipo hayo, ikikutwa ndani ya sanduku la marehemu, ni kidokezo ambacho hakuna mpelelezi wa London aliyewahi kukihitaji.

Shauri la Kashasha

Mwaka 1988 kilitokea kisa ambacho hakina maiti iliyouawa lakini kina karibu kila kitu kingine. Bibi mmoja wa wilaya ya Muleba alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Miaka ilikwenda, akazeeka, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza ardhi hiyo kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake, tarehe 25, kijana wa ukoo alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mauzo hayo ni batili kwa kuwa mwanamke, kwa mila ya Kihaya, hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo.

Tofauti ya siku moja kati ya mauzo na kesi inatosha kuonyesha jinsi habari zinavyosafiri katika migomba.

Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mdai. Sheria ilikuwa upande wake: kanuni ya 20 ya sheria za urithi katika Tangazo Na. 436 inawaruhusu wanawake kuitumia ardhi ya ukoo maisha yao yote lakini si kuiuza, isipokuwa kama ukoo hauna mwanamume aliyebaki. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo, ikitegemea sura ya haki za binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Rufaa ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu inayojulikana kwa wanasheria kama Ephrahim dhidi ya Pastory. Aliitangaza kanuni hiyo kuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba. Bibi alikuwa na uwezo wa kuuza sawasawa na mwanamume. Na mdai, kama vile ambavyo angeweza kufanya kama muuzaji angekuwa mwanamume, aliruhusiwa kuikomboa ardhi kwa kurudisha shilingi 300,000 ndani ya miezi sita.

Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja tu kwa mtoto wa kaka na mtoto wa dada. Wengi walioieleza hukumu hii kwa Kiswahili wamemwita mdai mpwa. Kwa Kiswahili fasaha haiwezekani. Mpwa ni mtoto wa dada, naye ni wa ukoo wa baba yake, hivyo hawezi kusimama mahakamani kuidai ardhi ya ukoo wa mama. Aliyesimama pale kwa jina la ukoo alikuwa wa upande wa kiume, na mzee yule alikuwa shangazi yake. Neno shangazi nalo lina historia yake. Katika lugha za jamaa ya Luhaya shangazi ni ishenkazi, yaani baba wa kike, na wanaisimu wanalihusisha neno la Kiswahili na shina hilo hilo la Kibantu. Kwa hiyo kijana wa Kashasha alimshtaki baba yake wa kike kwa kutenda jambo ambalo baba wa kiume angelitenda bila kushtakiwa. Lugha ilikuwa imempa bibi huyo nusu ya ubaba kwa karne nyingi. Sheria ilikuwa haijampa.

Wapo waliodhani baada ya 1990 kwamba suala limekwisha. Halikwisha. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili kutoka Shinyanga, ilikiri kwamba kanuni hizo za urithi ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofu kwamba kubadili mila kwa amri ya mahakama kungefungua mlango usiofungika. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilikuwa imezivunja haki za wajane hao. Katika Buhaya yenyewe wanawake walikuwa wamekwisha kutafuta njia yao ya pembeni tangu miaka ya kati ya vita vikuu viwili: baadhi yao waliokwenda Nairobi na Kampala walirudi na fedha, wakanunua vibanja vyao wenyewe. Kibanja cha kununuliwa hakikuwa cha ukoo. Mwenye nacho aliweza kukirithisha apendavyo, na ukoo ulikitazama kwa jicho ambalo si vigumu kulikisia.

Nani amemwua

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyopendwa katika biashara ya magendo ya mpakani baada ya vita vya 1978–1979 dhidi ya utawala wa Idi Amin. Kabla sababu yake haijafahamika, na hata baada ya kufahamika, vifo vya wanaume wa makamo vilichunguzwa na koo kama mauaji. Swali halikuwa amekufa kwa nini. Lilikuwa nani amemwua. Walituhumiwa wake, mashemeji, washirika wa biashara, ndugu waliogombea mpaka wa kibanja. Waganga walitaja majina. Mjane aliyekaa kimya alishukiwa kwa ukimya wake, na aliyelia sana alishukiwa kwa kilio chake.

Hapo umbo la riwaya ya upelelezi lilikuwa kamili, lakini nje ya vitabu. Ilikuwapo maiti, walikuwapo washukiwa, ulikuwapo urithi, yalikuwapo mahojiano usiku wa matanga. Kilichokosekana ni Bwana Msa: mtu asiye na fungu katika mali, mwenye subira ya kusikiliza mpaka mwisho na ujasiri wa kusema kwamba hapakuwa na muuaji. Matokeo ya uchunguzi huo wa kienyeji yalikuwa mazito. Wajane walifukuzwa, na yatima waliambiwa kwamba baba zao hawakuwa baba zao. Swali la ubaba, lililokuwa limelala katika desturi ya bisisi na katika shilingi 100 za mwaka 1963, liliamshwa kwa haraka pale ambapo mtoto wa miaka minane alisimama kati ya ami zake na ekari moja ya migomba.

Kanuni iliyotajwa hapo juu, ile inayompa mwana nafasi ya kujitetea mbele ya baba au mbele ya baraza la ukoo, ilitungwa kwa kudhani kwamba baba atakuwapo kusikiliza. Akiwa amekwisha kufa, na wosia wake ukaletwa na mmoja wa jamaa siku ya nne ya matanga, limebaki baraza. Wajumbe wake ni wale wale ambao, mwana huyo akishindwa, kibanja kitagawanywa kwao. Na kaburi analolinyooshea kidole akisema baba yangu liko hatua chache kutoka mahali walipoketi.